Leo Maji Haina Chumvi

Ninyi vijana mliobaki na funguo za matangi, mmeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini wamama wa Uvira, siku maji ya fontene, yale mabomba ya mtaani, yanapotoka bila harufu ya klore, wanakuja kugonga mlango wa biro, ofisi yetu, na kusema, "Papa, leo maji haina chumvi." Mwenzenu mmoja mwenye diplome alilichukua neno hilo kwa uzito akaenda kupima chumvi ya ziwa. Simtaji. Hakuwa wa kwanza, na yule wa kwanza alikuwa na diplome kubwa zaidi. Nimestaafu sasa, sina mkubwa wa kumwogopa isipokuwa mke wangu, kwa hiyo nitawaeleza neno lile lilitoka wapi. Njiani nitawapa na mambo mawili matatu ya kazi ambayo hayamo vitabuni mwenu.

Nilianza kazi Wazungu wangali wapo, ingawa walikuwa wameshaanza kuyatazama masanduku yao. Mkubwa wetu wa maji alinifungulia mlango, akaniambia kwa Kifaransa kwamba maji ni sayansi, akanikabidhi kwa Papa Anselme, na sikumwona tena kwa muda mrefu. Papa Anselme alikuwa Muvira wa Kavimvira, mtu mfupi, mwenye koti la kaki ambalo klore ilikuwa imelitafuna rangi mpaka likawa na mabaka kama mbuzi. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alinipa chupa ya kioo akasema, "Enda Mulongwe, leta maji."

Nilikwenda. Nilichutama ukingoni mwa mto, nikajaza, nikarudi mbio nikijiona mtumishi mwema. Aliinua chupa akaitazama juani, akaifungua, akaimwaga yote juu ya miguu yangu.

"Weye umeniletea sabuni ya shangazi yako," akasema. "Bamama banafulia wapi?"

"Pale juu kidogo, Papa."

"Na weye ulichota chini yao. Basi umepima nguo. Minye nilikutuma maji."

Hilo ndilo somo la kwanza, nami nawapa bila kuwalowesha miguu. Ingieni mtoni mpaka magotini, juu ya wanaofua. Simameni, mngoje tope mlilotibua lipite. Elekezeni mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, na mchote katikati. Kwenye robine, yaani bomba, chomeni kwanza mdomo wake kwa moto wa spiriti, acheni maji yakimbie, ndipo mkinge. Anayekinga bila kuchoma anapima mikono ya waliomtangulia. Na spiriti yenyewe ifichieni ndani ya chupa iliyoandikwa SUMU. Nimetumikia serikali nyingi katika mji huu, na sijaona hata moja ambayo haikuinywa spiriti yetu.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa kisanduku cha rangi. Kilikuwa na mirija ya kioo na vipande vya njano vilivyopangwa, kutoka njano ya kudhaniwa tu hadi njano ya embe lililoiva. Unatia maji kwenye mrija, unadondosha tone la dawa ya kupimia, unangoja. Kama kuna klore, maji yanageuka njano. Unayafananisha na vile vipande, unasoma namba. Yakibaki meupe, hakuna klore, na tumbo la mtu limeachiwa bahati yake.

Namba hiyo ilipaswa kulingana na karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye mhuri, na juu yake neno norme. Norme ni kipimo ambacho dola inasema: maji yasiyofika hapa, watu wangu wasiyanywe. Karatasi yetu ilikuwa na safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa ya mtaa wa Wazungu, na kando ya klore palikuwa na namba. Safu ya pili ilikuwa ya cité, yaani sisi, na kando ya klore palikuwa na kistari kifupi. Mto ulikuwa mmoja, ila matangi mawili: tangi la juu lilitiwa klore, la chini lilipitishwa mchangani tu. Nilimwuliza mkubwa maana ya kile kistari. Alinijibu kwamba matumbo yetu yamezoea. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetusifu.

Papa Anselme alikuwa karibu na alisikia. Siku hiyo aliosha chupa zilezile tena na tena mpaka nikamwambia zimetakata.

Uhuru ulipokuja, mkubwa alimwachia mpishi wake funguo, akavuka mpaka pale Kavimvira akaenda zake Burundi. Mjini watu walikuwa wanacheza, na wengine, wenye kuona mbali, walikuwa wanagawana viti vya maofisi. Papa Anselme alikiwahi kiti kimoja, si cha kukalia. Alikisogeza ukutani, akapanda, akachovya kalamu kwenye wino, na juu ya kile kistari cha cité akaandika namba ileile ya safu ya kwanza. Akaipulizia ikauke.

"Sasa iko uhuru," akasema, akashuka.

Tukabeba pipa la unga wa klore kutoka tangi la juu hadi la chini, tukipumzika kila kona. Hakuna waziri aliyetuandikia. Kwa muda ule, upande wa maji ya Uvira, dola ya Kongo ilikuwa watu wawili na kiti kimoja, nami nasema bila haya kwamba sijaona dola nyingine iliyofanya kazi haraka vile.

Shukrani hatukupata. Watu wa cité walikuwa hawajawahi kunusa klore. Fontene zikabaki bila watu, wamama wakarudi kuchota Kalimabenge, mto ambao juu yake kila mtu alikuwa na shughuli zake. Aliyekuja kutusema alikuwa Mama Nabintu, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, pale sokoni, mwanamke ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Alitua ndoo mezani kwetu.

"Mumetia nini humu ndani? Ndagala zangu zinanuka lopitali."

"Iko dawa, mama," Papa Anselme akamjibu. "Dawa ya kuhara damu. Inaua ile ugonjwa mbele haijaingia mu tumbo ya mutoto."

Mama Nabintu aliitazama ndoo upya.

"Sasa kama iko dawa, sababu gani hamukusema? Munatuletea dawa kama bezi, kwa kujificha?"

Alikwenda nayo sokoni ile habari. Kesho yake fontene zilikuwa na foleni. Dawa ni neno linalofungua milango. Norme halifungui hata dirisha. Wamama walianza kuja na watoto wenye homa wakiomba wapewe yale "yenye dawa mingi", na Papa Anselme, mtu mkali kwangu mimi, alikuwa anawaeleza mmoja mmoja, kwa subira, kwamba kipimo ni kimoja kwa wote. Alilipenda sana neno lile, dawa. Alilitamka polepole, kama jina la mtu. Mimi nilidhani ni ujanja wa kazi tu.

Nilikuja kujua maana yake mlimani. Msimu mmoja wa mvua, klore ilianza kupotea njiani. Tangini tulitia kipimo chetu, na kwenye fontene ya mwisho kule chini mrija ulibaki mweupe. Shikeni hili pia: pimeni kwenye fontene ya mwisho, kwa mama wa mwisho. Tangini kila mtu ni hodari. Papa Anselme akasema klore inaliwa, na kinacholiwa kina mlaji. Tukaufuata mto kupanda juu, siku nzima ya utelezi, mpaka tukamkuta mlaji: ng'ombe wa mzee mmoja aliyeshuka nao kutoka Rurambo, wamesimama ndani ya mto, juu kidogo tu ya pale tunapochotea, wakinywa kwa mbele na kurudisha kwa nyuma.

Nilikuwa kijana, nilikuwa na kofia ya kazi. Nikamwambia yule mzee kwamba serikali inakataza.

"Serikali gani?" akauliza.

"Ya leo."

"Basi minye nitangojea ya kesho," akasema. "Pengine itapenda ng'ombe."

Nilicheka, maana hoja yake ilikuwa na nguvu. Papa Anselme hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, akalivua lile koti, akazungumza na yule mzee kama hayuko hapo mtu wa tatu. Alimweleza kwamba alikuwa na binti, jina lake Furaha, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Mvua zilikuwa kubwa. Mtoto alikunywa maji ya fontene ya cité, maji ambayo baba yake mwenyewe alikuwa ameyapitisha mchangani asubuhi ile. Akaanza kuhara damu, wala haukupita muda. Tangi la juu, lenye klore, lilikuwa hatua chache tu kutoka pale alipokuwa anafanya kazi, lakini karatasi ilikuwa na kistari.

"Minye sikukatazi kwa jina ya serikali," akamwambia. "Ninakuomba kwa jina ya mutoto."

Yule mzee aliokota fimbo yake. Kisha akapiga mluzi, ng'ombe wakatoka mtoni mmoja mmoja, akawapitisha kilimani akawanywesha chini ya kichoteo. Tangu siku hiyo yeye na wanawe waliwanywesha hapo chini. Ile ndiyo norme pekee niliyoiona ikiwekwa bila mhuri, na imedumu kuliko zote zenye mhuri. Tulishuka mlima, mimi nyuma yake. Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu muda wote ule na sikujua kwamba alikuwa amezika mtoto. Niliona aibu, na nikaona kwamba nampenda.

Kisha uasi ukaja. Serikali ya leo, kama nilivyoiita mbele ya mzee wa ng'ombe, ilivuka kwa njia ileile ya Kavimvira aliyopita mkubwa wetu wa zamani. Mpaka uko karibu mno na mji wetu. Dola zetu zote zinaijua ile njia. Wakaingia wapiganaji, wengi wao vijana wa uwandani na wa milimani, wenye mikuki, bunduki chache, na maji. Munganga wao aliwanyunyizia maji yenye dawa, na kwa dawa ile risasi ya adui ingegeuka maji. Masharti yalikuwepo: usiguse mwanamke, usiangalie nyuma, usichanganye dawa hii na nyingine. Wakishambulia walipiga kelele, "Mayi!" Kama mtu wa maji, nilivutiwa. Yenye nguvu kiasi hicho hayakuwemo kwenye kisanduku changu.

Komanda wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Alizungumza polepole, akirudia mwisho wa sentensi ili wa nyuma wasikie. Sheria zake aliziandika kwa chaki kwenye ubao wa shule uliosimamishwa sokoni, kwa mwandiko mzuri sana. Mwanzoni hakutugusa. Alikuja kwenye matangi, akatazama, akatuuliza kama tuna spiriti.

Mambo yaliharibika waliposhindwa uwandani, upande wa Nyakabere. Risasi zilibaki risasi. Munganga ilimbidi aeleze, na mtu anayetakiwa kueleza hutafuta mwingine wa kumbebesha kosa. Akauliza mjini, wapiganaji wanakunywa nini? Wanakunywa maji ya fontene. Na ndani ya maji ya fontene kuna nini? Watu wakamjibu kwa fahari, kama walivyofundishwa: kuna dawa, Papa Anselme ndiye anayetia. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hapa ulikuwa ulimi wa mji mzima, na kichwa kilikuwa cha mzee wangu.

Walimchukua mchana, mikono yake ikiwa bado myeupe kwa unga wa klore. Jioni ubao wa sokoni ulikuwa na mstari mpya: DAWA NYINGINE NDANI YA MAJI NI MARUFUKU. ANAYETIA ATAKUFA. Ndiyo ilikuwa norme ya tatu maishani mwangu, na ya kwanza kuandikwa bila kosa la herufi.

Nilibaki peke yangu na pipa. Mvua zilikuwa zimeanza, Mulongwe umegeuka rangi ya matofali. Kutia klore ni kufa. Kutotia, nilikuwa nimeshasimuliwa juu ya lile jiwe mlimani. Nilitia nusu kipimo, nikijiambia kwamba nusu pengine itaniua nusu. Kisha nikafunga ugali na ndagala kwenye jani, nikaenda Kavimvira, kwenye ghala la zamani la duane, yaani forodha, walikomfungia. Askari wa mlangoni aliniacha nizungumze naye dirishani, baada ya kula ndagala.

"Papa, watakuuliza mbele ya watu," nikamwambia. "Watauliza kile unachotia ni nini. Sema chumvi."

"Nini?"

"Chumvi. Iko nyeupe, iko unga. Nani atajua? Chumvi haina vita na dawa yao."

Alinitazama kwenye vyuma vya dirisha.

"Minye nilizika mutoto juu ya kukosa ile dawa," akasema. "Leo niiite chumvi?"

"Watakuua, Papa."

"Banaweza."

"Na nani atatia kesho?"

"Weye. Juu ya nini nilikumwangia maji ku miguu?"

Nilikasirika. Nilimwambia ni mkaidi, nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa, kisha nikashika vyuma vile nikalia. Yeye alikula ugali wake. Nilirudi mjini nikapita sokoni, macho mekundu, na Mama Nabintu akaniita kwenye meza yake ya ndagala kuniuliza kuna nini. Nikamweleza yote: ghala, swali litakaloulizwa, chumvi, ukaidi. Alisikiliza huku anafukuza nzi.

"Hatakubali kusema?"

"Hatakubali, mama."

"Enda kulala," akasema.

Kesho yake komanda aliketisha hukumu penye fontene ya soko. Mji wote ulikuwepo, maana kutokuwepo kungeandikwa ubaoni. Papa Anselme aliletwa na koti lake la mabaka. Mimi niliamriwa nilete kisanduku, nikinge maji, nipime mbele ya watu. Nilichoma robine, na mpiganaji mmoja akauliza ile spiriti ninaichezea kwa nini. Nikadondosha tone. Maji yakageuka njano, njano ya nusu kipimo, lakini njano. Munganga alikuwa akingojea hilo tu.

"Komanda ameona," akasema. "Maji safi haigeuki rangi. Humu iko dawa ya muntu, na ndiyo ilikula yetu."

"Kijana," komanda akaniita. "Hii ni nini?"

"Chumvi, komanda," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Nimefundisha sayansi darasa la sita," akasema. "Chumvi haigeuki njano."

Hapo mtu akacheka. Alikuwa Mama Nabintu, amekaa mbele kabisa juu ya ndoo yake aliyoifudikiza.

"Mwalimu, weye umefundisha, lakini hujapika," akasema. "Ile iko chumvi. Chumvi ya kizungu, ya bei ya chini. Minye napikia ndagala maji hii kila siku. Na banatia kidogo, bachoyo hawa. Supu inakosa utamu."

Watu walicheka kwa hofu. Komanda akanyoosha kidole kwa mama aliyekuwa nyuma yake. Naye akasema chumvi. Akamwonyesha wa tatu, bibi kizee anayeuza mihogo, ambaye mwezi uliopita tu alikuwa ametuomba dawa mingi kwa ajili ya mjukuu wake. Akasema, "Chumvi, mwanangu, toka zamani." Aliwapitia kama mwalimu anayeuliza hesabu darasani, bila mpangilio, akiwashtukiza, na kila aliyeshtukizwa alijibu neno lile moja. Wanawake hao tulikuwa tumewafundisha kusema dawa kwa miaka, na walikuwa wamelisahau kwa usiku mmoja. Waliokuwa wamemwambia munganga habari ya dawa walikuwepo pia, waume zao, wanaangalia ardhi.

Komanda akamgeukia mzee wangu.

"Na weye mwenyewe? Unatia dawa ao chumvi?"

Papa Anselme aliinua kichwa. Nilimwona anavuta pumzi, nikajua anakwenda kulisema, nikajua herufi ya kwanza ni d. Aliwatazama wale wamama, safu nzima, na ndoo zao. Mama Nabintu alikuwa anamtazama pia, wala hakuwa anacheka tena. Kama angesema dawa, hukumu isingekuwa yake peke yake. Wote wangekuwa waongo mbele ya bunduki.

"Kama bamama banasema," akajibu mwishowe, "iko vile banasema."

Munganga akaanza kusema neno, komanda akamnyamazisha kwa kidole, kama mtoto. Kisha komanda akachukua chaki, akaenda kwenye ubao, na chini ya mstari wa dawa akaandika: CHUMVI INARUHUSIWA, KWA KIPIMO. Akageuka.

"Kipimo gani?"

Papa Anselme akamtajia ile namba yetu, ile aliyoiandika juu ya kistari. Komanda akaiandika kwa herufi nzuri, akapiga mstari chini yake. Mimi ni mtu wa norme; basi sikilizeni. Katika dola zote zilizopita Uvira, ni ile ya waasi peke yake iliyotangaza kipimo cha klore hadharani, sokoni, mahali ambapo mama yeyote angeweza kukisoma. Nyingine ziliweka zao kwenye kabati. Na haikuchukua muda, wapiganaji wenye kuhara walianza kuja kwenye matangi wakiomba chumvi. Munganga alimtuma mtu wake. Tulimpa chupa, Papa Anselme akamweleza matumizi kwa subira ileile aliyowaeleza wamama.

Jeshi la serikali liliporudi, ubao ulivunjwa ukawa kuni, na ilitupasa tueleze kwa nini tuliwatilia waasi chumvi. Tulieleza. Walichukua spiriti wakaenda. Baadaye akaja injinia kutoka Kinshasa, mtu mwema, kukagua maji ya mito yote ya kwetu. Aliuliza wamama wa fontene wana malalamiko gani, wakamwambia mara nyingine maji haina chumvi. Alizunguka na vyombo vyake Mulongwe, Kalimabenge hadi Ruzizi, akapima chumvi kila mahali, akaandika kwa furaha kwamba maji ya Uvira hayana chumvi kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Papa Anselme alinikanyaga mguu.

Yeye mwenyewe, tangu hukumu ile, hakulitamka tena neno dawa. Nchi ilibadilishwa jina, mto mkubwa ukabadilishwa jina, na sisi tukaambiwa tubadilishe majina yetu. Karatasi ya ukutani ilibandikwa nyingine juu yake, na nyingine tena, na namba ilikuwa ileile. Yeye aliendelea kusema chumvi, hata tukiwa wawili tu tangini. Siku moja nilimwambia, Papa, wale watu waliondoka zamani. Akanijibu, "Ile neno bamama balininunulia. Siwezi kuitupa." Sikumwuliza tena.

Alistaafu kabla yangu, miaka mingi. Mimi nimestaafu katika majuma haya ambayo ninyi mmeyaona wenyewe: kolera cité nzima, bunduki milimani, na serikali ambayo, nikiandika hivi, naambiwa imeshaonekana Kavimvira na masanduku yake. Siku niliyokabidhi funguo nilikwenda kumwona. Yuko kitandani, amekonda, kolera ilimpitia na karibu imchukue. Nilimletea bidoni ya maji niliyoyapima mwenyewe kwenye fontene ya mwisho. Nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Alikinusa kwanza. Mtu wa kazi hafi haraka ndani ya mtu.

"Iko na nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimelingojea swali hilo karibu maisha yangu yote ya kazi. Nikamwinamia sikioni.

"Iko na dawa, Papa. Dawa. Sema na weye. Hakuna wa kukufunga."

Macho yake yakaenda mlangoni. Huko nje palikuwa na sauti za watu wanaopita, na vyuma vinagongana.

"Bale baaskari," akasema, "njo ba nani?"

Nikatoka kutazama. Walikuwa vijana, wamevaa mabuti ya plastiki, wamefunga majani kichwani. Kila mmoja alikuwa na kichupa cha maji ya munganga kinaning'inia shingoni kwa kamba. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikakishika kikombe tena.

"Chumvi, Papa," nikasema.

"Kipimo?"

"Ile yetu."

Akanywa.